Kidole cha Kahaso

Mimi nina wivu. Nasema mapema, asije mtu akanionea huruma nisipostahili. Mama yangu aliniita Subira, na katika malezi yangu yote hilo ndilo jambo pekee alilolikosea.

Ijumaa ile, siku ya tatu tangu mume wangu apasuliwe shingo, nilikuwa jikoni kwetu Mwabungo nikichemsha maziwa. Nikasikia hodi ya sauti ambayo ningeitambua hata nikiwa usingizini.

“Hodi wenyewe!”

“Karibu, sista! Karibu, mwanangu, pita!” Mama mkwe, Bi Mapenzi, aliitikia kwa furaha ambayo mimi sikuipata hata siku niliyoingizwa nyumba ile nikiwa bibi harusi.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba. Pita tu, mgonjwa wako yuko chumbani.”

Mgonjwa wako! Maziwa yakafura yakamwagika motoni, na sikuyaepua.

Huyo sista ni Kahaso, muuguzi wa kliniki moja ndogo pale Ukunda, binti wa mji wa Mackinnon Road, huko bara. Kabla yangu, yeye na Abdulwahab wangu walipendana miaka miwili. Bi Mapenzi ndiye aliyefunga mlango: msichana si wa dini yetu, kwao ni mbali, hajui hata kukuna nazi. Wakaachana kwa machozi, nikaolewa mimi. Miaka minne nilikaa nikijua kwamba nilipata kiti kwa sababu mwenyewe alizuiwa kukikalia. Na sasa yule aliyemzuia alikuwa anaamka kila asubuhi akijuta kwa sauti, nami nasikia. “Kama ningejua,” husema akifagia uwanja, “leo ningekuwa na daktari wangu ndani ya nyumba.”

Alikuwa na sababu. Abdulwahab ni fundi wa makuti. Mapaa mengi ya hoteli za Diani ameyaezeka yeye. Lakini kwa miaka miwili alikuwa anarudi nyumbani amechoka kama aliyebeba paa lenyewe. Mifupa inamuuma. Anakunywa maji hayamtoshi. Mawe ya figo yalimlaza hospitali mara mbili. Nikimsemesha anasinzia, na neno nililomwambia jana leo halikumbuki. Mimi nikasema ana mwanamke. Ningesema nini kingine?

Kisha, miezi michache kabla ya upasuaji, akateleza kutoka kipandio cha pili cha ngazi, kimo cha mtoto kuruka, na mkono ukavunjika. Alipopelekwa kliniki, Kahaso ndiye aliyemfunga. Akamuuliza maswali, akakunja uso, akasema, “Mtu wa miaka thelathini na mitano, mawe mara mbili, na mfupa unavunjika hivi? Apimwe kalsiamu kwenye damu.”

Akapimwa, ikakutwa iko juu sana. Yaani mimi nililala naye miaka minne nikapima simu yake tu.

Daktari mpasuaji wa hospitali ya Msambweni alituchorea kwenye karatasi. Shingoni, nyuma ya tezi ya koo, kuna vitezi vinne vidogo kama punje za mchele, na kazi yake ni kuangalia kiasi cha kalsiamu mwilini. Kimoja cha mume wangu kilikuwa kimevimba na hakijui kupumzika. Kilikuwa kinaikwangua mifupa usiku na mchana na kuimwaga ile kalsiamu damuni. Dawa yake ni kukitoa. Walipokitoa nilionyeshwa ndani ya kichupa, kidude cha ukubwa wa kunde. Nilikiangalia kwa chuki, na pia kwa aibu, maana kile ndicho kilichokuwa “mwanamke” wangu wa miaka miwili.

“Lakini sikiliza vizuri, mama,” daktari aliniambia. “Vile vitezi vitatu vilivyobaki vilizoea kukaa bure. Vitachukua siku kadhaa kuamka. Na mifupa yake ina njaa, itainyonya kalsiamu yote kwenye damu. Vidonge hivi vinne kwa siku, kimoja kimoja: saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni na saa sita usiku. Akihisi ganzi midomoni au vidoleni, mleteni haraka.”

Nikavichukua mimi. Nikavitia kwenye mkoba wangu, na mkoba haukunitoka begani. Sikutaka Bi Mapenzi avishike. Na zaidi ya yote sikutaka Kahaso ajue vilipo.

Basi Ijumaa ile nikamimina maziwa yaliyosalia, nikaenda nayo chumbani taratibu, bila kuburuta ndara. Nakubali, nilinyata. Mlango wetu una pazia, na pazia lina upenyo.

Kahaso alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, upande wangu. Alikuwa na sare yake nyeupe na saa imening'inia kifuani. Akainua mkono wa kulia, akanyoosha kidole kimoja, akamgonga mume wangu shavuni, karibu na sikio. Polepole. Mara moja, mara mbili. Na mume wangu akatabasamu, tabasamu la upande mmoja ambalo mimi sikuwahi kupewa.

“Umeona?” Kahaso alimwambia kwa sauti ya chini.

“Nimeona. Usimwambie Subira.”

Kikombe kilinitoka mkononi.

Pazia nilivyolifungua, nusura ning'oe na waya wake. “Usimwambie Subira nini?”

Kahaso alisimama haraka. “Subira, dada yangu, keti nikuonyeshe. Nilikuwa nampima tu—”

“Nimeshaonyeshwa! Kwenye kitanda changu nimeonyeshwa. Kwenu Mackinnon Road wagonjwa hupimwa kwa kupapaswa mashavu?”

“Subira!” Abdulwahab aliita. Sauti ilikuwa bado imekauka tangu upasuaji, haipandi. Aliliita jina langu kama mtu anayeongea maktabani, nami nikauona ule upole kuwa ni ubaridi.

Kahaso alichukua kikapu chake. Machoni hakuwa na hasira, na hilo liliniudhi zaidi. “Ongeeni wenyewe,” alisema. “Abdu, saa sita umeze viwili badala ya kimoja, usisahau. Viwili.” Akatoka.

Abdu! Mimi mwenyewe humwita Abdulwahab, jina zima, kwa heshima.

“Hunisikilizi,” mume wangu alisema. “Asubuhi nilihisi ganzi kidogo midomoni. Sikutaka kukushtua, hujalala siku tatu. Yeye alikuja kuangalia—”

“Mimi nina macho. Midomo yako ikifa ganzi unamwambia yeye, mimi mkeo nafichwa?”

“Si kufichwa, ni—”

“Basi akuuguze yeye. Mamako atafurahi.”

“Subira, usiende. Leo nikikufuata nitakufuata vipi?”

Ningelisikiliza neno lile, ningebaki. Sikulisikiliza. Nilivaa buibui, nikatokea mlango wa uani ili Bi Mapenzi asinione, nikapanda boda hadi kwetu Munje na mkoba begani.

Kwetu mke akiondoka kwa hasira hufuatwa. Mume huja mwenyewe, au hutuma mtu mzima. Maneno husemwa, mke husihiwa, hujifanya hataki, kisha huchukua buibui lake. Mimi nilikuwa nimeshaondoka mara tatu, na mara zote Abdulwahab alinifuata. Iliyochelewa zaidi ilichukua saa mbili, na siku hiyo boda yake ilipata pancha.

Mama nilimkuta anamenya mihogo.

“Umeachwa?” aliuliza bila kuinua uso.

“Sijaachwa. Nimeondoka.”

“Amekupiga?”

“La.”

“Amekutukana?”

“Mama, nimemkuta mwanamke anamshika shavu!”

“Mwanamke gani?”

“Yule muuguzi.”

Mama aliweka kisu chini. “Yule aliyeugundua ugonjwa wake?”

Nilichukua muhogo nikaanza kumenya, na macho yangu yako njiani. Watu walikwenda swala ya Ijumaa, wakarudi. Kila boda iliyokata kona moyo ulinipanda. Saa saba. Saa nane. Simu nimeiweka pajani, nayo imenyamaza kimya. Nikaanza kuwaona machoni mwangu: Kahaso amerudi, amekaa upande wangu wa kitanda, anamnywesha maziwa, na mama mkwe anasema kama ningejua.

“Hatakuja,” nilimwambia Mama. “Safari hii hatakuja. Amenichoka.”

“Mtu aliyeshonwa shingo juzi aje na nini?” Mama aliniuliza. “Hebu jifute hayo machozi, unaninyeshea mihogo.”

Adhana ya alasiri ilikuwa inaadhiniwa nilipoingiza mkono mkobani kutafuta kitambaa. Mkono ukagusa kichupa cha vidonge. Kikalia cha, cha, cha.

Nilikitazama kana kwamba kimewekwa na mtu mwingine. Kidonge cha saa sita. Viwili, Kahaso alisema. Na ilikuwa saa tisa na nusu. Mwili ulinifa ganzi mimi.

Nilimpigia Abdulwahab. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Ikakatika. Nikampigia Bi Mapenzi.

“Wewe Subira!” alipokea kwa kelele. “Hilo duka liko Tanga? Mwenzio anakungoja tangu adhuhuri!”

“Duka?”

“Si umekwenda kununua unga? Abdulwahab kaniambia. Nami nashangaa, unga gani huu!”

Nilishika ukuta. “Mama, mpe simu.”

“Hawezi kuishika. Mikono imemkunjamana, vidole vimeshikana kama vimefungwa kamba, gumba limeingia kiganjani. Namsugua mafuta ya nazi. Nimesema nimwite mtu, kakataza. Kasema, Subira akirudi atanipa dawa, tumngoje Subira.”

Alikuwa amenistahi. Saa tatu nzima mwili unamkaza, naye anaona bora aumie kuliko mamake ajue kwamba mkewe kamkimbia akiwa kitandani. Nami nilikuwa nimekaa kizingitini kwa mama yangu nikisubiri kubembelezwa.

Mtu wa kumwita alikuwa mmoja, na simu yangu haikuwa na namba yake. Lakini kichwa changu kilikuwa nayo. Namba ya Kahaso nilikuwa nimeifuta kwenye simu ya Abdulwahab mara nne, na kila nilipoifuta niliisoma kwanza, tarakimu baada ya tarakimu, kwa chuki. Naijua kuliko ya mama yangu mzazi. Nikaibonyeza yote bila kukosea.

“Haloo?”

“Ni Subira.”

“Amemeza dawa ya saa sita?”

“Sista Kahaso, mimi—”

“Subira. Amemeza au hakumeza?”

“Hakumeza. Ninayo mimi. Niko Munje. Mikono imemkunjamana.”

Hapo alikuwa na nafasi ya kuniambia lolote, na kila neno lingekuwa haki yake. Alisema, “Gari la kliniki liko hapa, nakwenda kumchukua sasa hivi. Wewe njoo moja kwa moja Ukunda. Njoo na hicho kichupa.”

Njia ile kutoka Munje siikumbuki. Nakumbuka tu kwamba nilikishika kichupa mkononi, sikukirudisha mkobani.

Bi Mapenzi alikuwa ameketi kwenye benchi la nje ya kliniki, tasbihi mkononi, mafuta ya nazi yangali yanang'aa vidoleni. Alinitazama juu mpaka chini.

“Unga uko wapi?” aliuliza.

Nilikikaza kichupa mkononi. Akanitazama tena, safari hii machoni, na nikajua kwamba ameshaelewa. Akasogea kunipa njia.

Ndani, daktari wa kliniki alikuwa amesimama mbele ya kimashine kinachoonyesha mapigo ya moyo. Abdulwahab amelala chali, jasho limemlowesha, mikono imekunjwa kifuani kama ya mtu anayekumbatia kitu nisichokiona. Mdomo ulikuwa unamcheza wenyewe. Na kando yake ameketi Kahaso. Mkono wake wa kulia ulikuwa na bomba la sindano lililounganishwa na mshipa wa mgonjwa. Mkono wa kushoto umemshika mume wangu kifundo cha mkono, vidole vyake vitatu juu ya mshipa wake. Macho yako kwenye saa.

Nilipiga hatua. Daktari akainua kiganja.

“Simama hapo hapo, mama. Hii ni kalsiamu inaingia mshipani. Ikikimbia, moyo unaweza kusimama. Dakika kumi, na asimguse mtu wala asimsemeshe.”

Nikasimama. Dakika kumi nilimtazama mwanamke mwingine ameushika mkono wa mume wangu, nami nimekatazwa hata kuita jina lake. Wivu haukuachi hata siku kama hiyo, usidanganyike. Ulinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Niliona jinsi anavyoujua mkono ule, na jinsi hapapasi kuutafuta mshipa. Lakini nilikuwa naomba pia, kwa nguvu zangu zote, asiuachie. Mungu wangu, asiuachie.

Dakika ya sita kidole cha shahada kilinyooka. Kisha cha kati. Gumba likatoka kiganjani polepole. Kahaso hakuinua macho kutoka kwenye saa yake mpaka bomba lilipokwisha, na ndipo akapumua. Nami nikapumua.

“Subira,” Abdulwahab aliita. Kwa ile sauti yake iliyokauka. “Umepata unga?”

Nililia mpaka daktari akatoka nje.

“Kwa nini hukusema?” nilimuuliza nikiwa nimepiga magoti kando ya kitanda. “Kwa nini hukumwambia mamako kwamba nimekukimbia?”

“Ungerudi vipi nyumba ile, kama angejua?”

“Ungekufa!”

“Nilijua utarudi. Hukai muda mrefu.” Akakunja uso. “Kahaso amesema wewe ndiye uliyempigia. Namba yake uliipata wapi? Mimi kwangu haikai, kila nikiiweka inapotea.”

Kahaso alikuwa anakusanya pamba kwenye sinia, na mikono yake ikasimama. Wote wawili wakanitazama.

“Naijua kwa moyo,” nilisema. “Ninaifuta mimi.”

Abdulwahab alianza kucheka, akashika shingo iliyoshonwa, akaguna kwa maumivu, na bado anacheka. Kahaso aliinamisha kichwa, mabega yanamtikisika. Sikujua kama nicheke au niingie chini ya kitanda.

Abdulwahab alipotulia akafumba macho. Nikamfuata Kahaso kwenye sinki la dirishani alipokuwa ananawa mikono.

“Nisamehe,” nilimwambia. “Kwa maneno ya asubuhi. Kwa Mackinnon Road.”

“Mackinnon Road imeshasemwa vibaya zaidi,” alijibu. “Na aliyeisema ni mama mkwe wako.”

“Bado unampenda?”

Swali lilinitoka lenyewe. Alifunga bomba la maji kwanza, akajifuta kidole kimoja kimoja.

“Nikisema sikumpenda nitakuwa muongo. Lakini asubuhi ile nilikuwa kazini, Subira. Sikuwa na lingine.” Akanigeukia. “Njoo nikuonyeshe ulichokataa kuonyeshwa. Siwezi kuja kwenu kila siku, wala haipendezi. Mpimaji inafaa awe wewe.”

Alinirudisha kitandani. Akanishika mkono, akanyoosha kidole changu, akakiweka kwenye shavu la mume wangu, mbele ya sikio.

“Hapa ndipo mshipa wa fahamu wa uso unapopita. Gonga kidogo, usimpige. Kalsiamu ikipungua, mdomo unaruka upande huu. Ndicho alichofanya asubuhi. Wewe uliona anatabasamu, sivyo?”

“Niliona anakutabasamia.”

“Mdomo ulikuwa unaruka. Kwangu hatabasamu siku hizi. Gonga.”

Nikagonga. Mara moja, mara mbili. Shavu lilikuwa na joto, na ndevu za siku tatu zilinichoma. Mdomo ulitulia. Nikagonga tena ili nihakikishe, na Abdulwahab akafumbua macho, akanitazama kwa karibu sana, akatabasamu. Pande zote mbili.

“Mdomo umeruka?” alinong'ona.

“Nyamaza. Nakupima.”

“Pima basi. Mimi sina haraka.”

Niliinua uso nimuulize Kahaso kama nimepatia. Alikuwa ameshageukia ukutani, anapanga chupa za dawa ambazo zilikuwa zimeshapangika. Aliinyanyua moja, akairudisha palepale ilipokuwa. Shingo aliikaza, na mabega ameyabana kama mtu anayezuia kikombe kisimtoke mkononi.

Ningeutambua mgongo ule popote. Asubuhi, nyuma ya pazia, ulikuwa wangu.

Nikaondoa kidole changu shavuni taratibu. Nikatoa kidonge kwenye kichupa, nikaita, “Sista Kahaso, nisaidie kumwinua,” naye akaja upande wa pili wa kitanda.